Muziki wa Daladala Usizime Sauti ya Abiria

Tangu Serikali ilipoyaruhusu mabasi ya watu binafsi jijini Dar es Salaam mwaka 1983, daladala zimekuwa tegemeo la wafanyakazi na wanafunzi. Mchango huo haubezwi. Lakini upo mtindo ambao hatuna budi kuukemea. Hiace iliyochakaa, breki zake zikilia na mlango wake ukifungwa kwa kamba, huwekewa amplifaya na spika kubwa chini ya viti, kisha ikaitwa gari la kisasa.

Ieleweke wazi kwamba hatupingi muziki. Spika za karatasi hukauka na kuchanika kwa uzee, na kuzibadilisha ni matengenezo kama mengine. Tunachopinga ni kutanguliza kelele mbele ya usalama.

Tuchukue hesabu ndogo. Amplifaya inayovuta wati 600 katika umeme wa volti 12 huhitaji ampea 50. Mzigo huo hauwezi kubebwa na waya mwembamba wa redio. Ukilazimishwa, waya hupata moto, ganda likayeyuka, na gari likaweza kuwaka pamoja na waliomo. Fundi anayeiheshimu kazi yake hutandaza waya mnene kutoka kwenye betri na kuweka fyuzi karibu na betri hiyo. Fundi wa njia ya mkato huzungushia karatasi ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi.

Pili, afya. Wataalamu wa usalama kazini wanashauri sikio lisipokee desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo upunguzwe nusu. Kwa desibeli 100 zinabaki dakika 15 tu. Abiria hushuka akaenda zake. Dereva na kondakta hubaki humo tangu alfajiri hadi usiku. Hao nao ni wafanyakazi. Masikio yao yakifa, nani atawafidia?

Tatu, katika kelele hizo mwalimu anayeita "Shusha!" hupitilizwa kituo. Hilo ni dogo. Kubwa ni pale kondakta anapogonga bodi kuzuia gari lisiondoke, mtoto angali mlangoni, na dereva hasikii.

Wapo wanaodai kuwa muziki huvuta abiria. Lakini mtumishi aliyesimama kituoni saa kumi na mbili asubuhi hachagui spika. Hupanda gari lililotangulia kufika.

Kwa hiyo tajiri mwenye gari aanze na breki, taa na matairi. Kitakachobaki ndicho kinunue spika. Wakaguzi wa magari wakague na waya zilizofichwa chini ya viti. Nasi walimu na watumishi wa umma tuache kunung'unika kimoyomoyo. Kumwambia dereva, "Ndugu, punguza muziki," si ugomvi. Ni haki ya aliyelipa nauli, na ni kinga ya yule mtoto aliye mlangoni.