Karoti haifuti chumvi ya kipakti (Sehemu ya 4)

Leo ntagusa sufuria za watu, na najua wapo watakaonuna.

Siku hizi kila ukifungua simu unamkuta mtu anapika "indomie ya afya, masala ya Kihindi". Karoti zimekatwa vizuri, pilipili boga za rangi tatu, njegere, mchicha. Mashaallah, sufuria inapendeza. Halafu anachana vipakti vyote viwili vya masala anavimimina. Halafu anavunja kidonge cha supu. Halafu sosi ya soya, ati ipate rangi. Mwisho anaonja, anasema bado, anaongeza chumvi. Sasa afya hapo iko wapi? Hiyo ni chumvi iliyopambwa kwa karoti.

Nalisema hili kwa sababu wodini wanakuja watu presha 190 kwa 115, ukiwauliza habari ya chumvi wanakujibu: "Mie chumvi sili nesi, hata mezani kwangu haiwekwi." Na wala hawasemi uongo. Kopo la chumvi kweli hawaligusi. Chumvi yao inaingilia mlango mwengine.

Tufanye hesabu, si ngumu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Mtoto ni chini ya hapo tena. Sasa geuza pakti yako uangalie nyuma. Hutokuta chumvi, utakuta "sodium". Namba hiyo zidisha mara 2.5 ndio upate chumvi. Tuseme imeandikwa miligramu 1000 kwa pakti: hizo ni gramu 2.5 za chumvi, nusu ya siku ya mtu mzima, kwa bakuli moja. Na mtu mzima gani anashiba pakti moja? Vijana wa chuo waliopanga vyumba hapa Chukwani wanapika mbili mbili usiku. Siku imeshakwisha hapo, na mkate wa asubuhi na urojo wa jioni hatujauhesabu. Kidonge cha supu nacho, karibu nusu ya uzito wake au zaidi ni chumvi tupu. Kijiko cha mezani cha sosi ya soya kinakupa kiasi cha gramu 2 nyengine. Sasa jumlisha mwenyewe ile sufuria ya "afya".

Kuna watakaoniambia tatizo ni ajinomoto. Jamani, ajinomoto inasingiziwa mengi. Sodiamu iliyomo ndani yake ni kama thuluthi tu ya iliyomo kwenye chumvi. Mnamkimbia paka huku chui yumo ndani. Hata India kwenyewe, wanakokula Maggi za masala tangu miaka ya 1980, mwaka 2015 serikali iliziondoa madukani zote. Kelele zilikuwa juu ya madini ya risasi na maneno ya kwenye pakti kuhusu ajinomoto. Mahkama ya Bombay ikaliondoa katazo Agosti, Novemba zikarudi madukani. Katika vuta nikuvute yote ile, chumvi haikushitakiwa.

Lakini linaloniudhi zaidi ni hili: sisi ni Wazanzibari. Watalii wanapanda gari mpaka Kizimbani kuja kunusa viungo vyetu, karafuu yetu inakwenda dunia nzima, halafu sie tunanunua kijipakti cha karatasi ya fedha kilichojaa chumvi ndio tunakiita masala! Masala ya Kihindi hatukufundishwa na pakti. Tumeishi na Wahindi mjini humu karne na karne, nusu ya jiko letu limetoka huko. Nenda Darajani au Mwanakwerekwe, vyote utavipata, na unapima kidogo kidogo kwa hela uliyonayo.

Mie napika hivi. Kitunguu maji, thomu na tangawizi kwenye mafuta kidogo (kidogo, maana tambi zenyewe zimeshakaangwa kiwandani, ndio zinaiva upesi). Zikianza kunukia natia manjano, bizari nyembamba, giligilani ya unga, pilipili manga. Viungo vikaangike kwanza, usivitie mwisho, vitabaki na ladha ya vumbi. Tungule mbili, ziive zipondeke. Hapo karoti, njegere, kabichi, pilipili boga. Pembeni nachemsha tambi dakika mbili na yale maji namwaga, yanaondoka na mafuta na chumvi kidogo, kwa sababu tambi yenyewe nayo ina chumvi. Nachanganya, navunja mayai mawili, mchicha wa mwisho kabisa, naepua. Nakamulia ndimu, kotmiri juu. Chumvi robo kijiko cha chai kwa sufuria ya watu wanne, basi. Ndimu ndiyo inayokudanganya ulimi ukaona chumvi imekolea, na inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya mchicha. Chai ya rangi usinywe hapo hapo, inayazuia.

Tambi mie natumia pakti mbili kwa watu wanne. Mboga ziwe nyingi kuliko tambi, si vipande vitatu vya kupigia picha. Hizo mboga zina potasiamu, na potasiamu inasaidia presha kushuka. Kwa hiyo mwenye kutia mboga hajakosea, amekosea kutia na kipakti. Kama watoto wamekizoea, wiki ya kwanza tia nusu, ya pili robo, ulimi utazowea.

Na nyie wenzangu wa afya mnaowaambia kina mama "acheni indomie" kisha mnaita mgonjwa mwengine, hamjasaidia kitu. Mama kashuka daladala magharibi, watoto watatu wana njaa, gesi inakaribia kwisha. Unamwambia achemshe maharage? Atapika cha dakika tano, na ana haki. Mfundisheni cha kutupa na cha kutia.

Mawili ya haraka. Mtoto aliye chini ya mwaka asionjeshwe hiki kipakti hata kidogo, na chakula chake hakihitaji chumvi yoyote. Na anayekunywa dawa za presha, kupunguza chumvi si ruhusa ya kuacha vidonge. Endelea navyo, kliniki uende, watapima na wao ndio watakaoamua.

Sehemu ya 5 Jumamosi inshaallah: juisi za boksi mnazowatilia watoto kwenye mabegi ya skuli.