Jina la zamani lina deni

Kitivo chetu kinajiandaa kufungua tovuti mpya ya jarida hili. Kamati imependekeza tuiweke kwenye jina la domeni la tovuti ya zamani, ile ambamo wakubwa wetu wa masomo waliweka orodha za maneno ya Kisanga, Kitabwa na Kilamba. Sababu zao zinaeleweka: jina ni fupi, bado linalipiwa, na Google inalijua. Mimi silikatai jina hilo. Ninachokataa ni kudhani kwamba ni nyumba tupu, unaingia, unafagia na kupanga viti vyako.

Mwaka jana nilikuwa nasoma memwari ya mwanafunzi mmoja wa zamani. Kwa mifano yake ya nomino za Kitabwa, alimwelekeza msomaji kwenye ukurasa wa mradi mmoja wa lugha. Niliandika anwani ile herufi kwa herufi. Ukafunguka ukurasa wa kamari. Mradi ulikuwa umeacha kulipia jina, mtu akalinunua. Mnunuzi alijua anachokitaka: viungo vilivyokuwa tayari vinaelekea pale, na imani ya watu waliovifuata. Tangu Machi 2024 Google imeandika wazi katika kanuni zake kwamba kununua jina lililoachwa ili kupanda katika matokeo ya utafutaji ni udanganyifu. Sisi hatuna nia hiyo. Lakini anayetafuta nomino za Kitabwa akakuta tangazo la kongamano letu, naye amepotea vilevile.

Tuelewe kwanza mambo yanavyokwenda. Mtambo wa kutafuta hauhifadhi jina la tovuti peke yake. Unahifadhi kila ukurasa kwa anwani yake. Ukurasa ukiondolewa, seva hujibu kwa namba 404: haupo. Jibu hilo linaudhi, lakini ni la kweli, na baada ya muda mtambo huuondoa ukurasa huo katika orodha yake. Tatizo kubwa zaidi ni pale anwani ileile inapowekewa maandishi mengine. Hapo seva inajibu kwamba ukurasa upo, wakati uliokuwa unatafutwa haupo tena. Mtambo unachanganyikiwa kwa muda, na rejeo la memwari linageuka kuwa uongo bila mwandishi wake kukosea.

Sisi wanafunzi wa lugha hatuhitaji kufundishwa kwamba umbo moja linaweza kubeba maana mbili. Katanga iliitwa Shaba kuanzia 1971, ikarudi kuwa Katanga 1997, kisha 2015 ikagawanywa kuwa majimbo manne. Anayesoma ripoti yenye neno Katanga hutazama kwanza mwaka ilipoandikwa. Katika mazungumzo, muktadha hutuokoa. Anwani ya intaneti haina muktadha: ni herufi tu, na anayeibofya hana njia ya kujua kwamba maana imehama.

Hata wanaogawa alama za nchi walijifunza kwa kuumia. CS ilikuwa alama ya Chekoslovakia, nchi iliyogawanyika 1993. Mwaka 2003 alama hiyo ikapewa Serbia na Montenegro. Malalamiko yakafuata, kwa sababu kumbukumbu nyingi zilikuwa bado zinaisoma CS kama Chekoslovakia. Baadaye kanuni ikarekebishwa: alama iliyoachwa inapaswa kukaa angalau miaka 50 kabla ya kupewa mwingine. Nasi tuna mfano wetu. Domeni ya .zr ilifutwa 2001, .cd ikiwa imechukua nafasi yake, na mpaka leo .zr haijapewa nchi yoyote.

Kwa hiyo naomba kamati ikubali masharti manne. Kwanza, kabla ya kufungua chochote, tukusanye anwani zote za tovuti ya zamani. Nyingi zinaweza kupatikana katika Wayback Machine. Pili, kila ukurasa wenye mrithi uelekezwe kwa mrithi wake hasa, kwa elekezo la kudumu ambalo mafundi huliita 301, na elekezo hilo lisiondolewe. Kurasa zote zisielekezwe kwenye ukurasa wa mwanzo kwa pamoja: msomaji hapati alichotaka, na Google yenyewe inaweza kuzihesabu kama kurasa zisizokuwepo. Tatu, ukurasa usio na mrithi ujibu 410, maana yake umeondolewa kabisa. Nne, makala mapya yasikalie anwani ya zamani hata moja. Tuweke mwaka ndani ya kila anwani mpya, nazo hazitagongana.

Ningependa zaidi orodha zile za maneno zibaki hapohapo zilipo, pembeni ya jarida, zikiwa na tarehe yake. Lakini ikiwa kamati haina muda wa kazi hii, basi tununue jina jipya na la zamani tuendelee kulilipia. Gharama yake kwa mwaka ni ndogo kuliko aibu ya kuliona likiuza kamari.

Mwenzangu mmoja aliniambia: orodha zenyewe ni za zamani, nani anazisoma? Ukurasa wa Kifaransa ukipotea, utapata mwingine wenye maelezo yaleyale. Wa Kilamba ukipotea, mara nyingi unabaki na karatasi katika kabati la mwalimu aliyestaafu. Memwari zilizosimama juu ya orodha zile ziko katika maktaba yetu, na mwakani kuna atakayezifungua na kufuata anwani. Tumwandalie jibu la kweli.