Akikusukuma, Usimsukume

Mwezi huu tuzungumze juu ya ugomvi. Nitaanzia mbali kidogo, huko Japani.

Mwaka 1882 mwalimu kijana wa mji wa Tokyo, jina lake Jigoro Kano, alianzisha mchezo wa mieleka uitwao judo. Kano alikuwa na mwili mdogo. Alipokuwa mwanafunzi, wenzake walimwonea. Basi akatafuta njia ya mtu mdogo kumwangusha mkubwa.

Alieleza kwa hesabu. Mwenzako ana nguvu 10. Wewe una 7. Akikusukuma nawe ukamsukuma, utashindwa, hata ukijikaza namna gani. Lakini ukirudi nyuma kadiri anavyosukuma, atayumba. Akiyumba, nguvu zake ni kama 3 tu. Wewe bado una 7 zako.

Angalia, hakusema ukimbie. Mchezaji wa judo hurudi nyuma huku amemshika mwenzake nguo. (Mwenye panga mkononi ni habari nyingine. Huyo mkimbie, ukaite watu.) Tena mwanafunzi wa judo hufundishwa mapema kuanguka bila kuumia. Hili nalipenda kuliko yote. Sisi wengi tunajua kupiga tu.

Msimu mmoja nilikuwa karani wa mizani katika kituo cha kununulia pamba. Wakati huo sikujua habari za Kano. Mzee mmoja alitazama kilo zake, akapaza sauti mbele ya watu: "Kijana, mnatuibia!" Nilimjibu kwa sauti kubwa kuliko yake. Tulisukumana kwa maneno mpaka jua likazama. Kazi ilisimama. Mzee alirudi nyumbani na pamba yake.

Kesho yake alikuja tena, na hasira ile ile. Sikuwa na hekima yoyote, nilikuwa nimechoka tu. Nikasema, "Mzee, huenda ni kweli. Njoo usimame hapa, usome mwenyewe."

Alinyamaza. Alikuwa amejiandaa kusukuma, na hapakuwa na wa kumsukuma. Sikumpa kilo za bure, wala sikumwambia aende zake. Tulisimama pamoja kwenye mizani. Alivaa miwani yake, akaniambia niondoe furushi kwanza.

Mizani ikawa tupu. Mshale haukusimama kwenye sifuri. Ulisimama nyuma yake, kilo moja na nusu. Kila furushi lilikuwa limepunjwa kiasi hicho.

Watu wote walikuwa wakinitazama. Nikasema, "Mzee, umesema kweli. Nimekosa." Tulirekebisha mshale, tukapima pamba yake upya. Lakini pamba ya waliouza kabla yake ilikuwa imekwisha kwenda kiwandani.

Tangu siku hiyo mzee alikuja kila asubuhi, hata siku ambazo hakuwa na pamba. Alitazama mshale kwanza, kisha tukaanza kununua.