RNA Ndogo, Malaria na Mtoto Ambaye Hajapimwa

Mwaka 2024 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa Victor Ambros na Gary Ruvkun, waliogundua RNA ndogo zinazodhibiti jeni. Ugunduzi huo ulianzia kwa mnyoo mdogo wa maabara. Mkazi wa Mamba, katika milima ya Upare, anaweza kuuliza unamhusu nini mkulima wa tangawizi. Maoni yangu ni kwamba unamhusu sana: unatueleza jambo kuhusu damu yake mwenyewe, na unatukumbusha deni tulilo nalo kwa watoto wake.

Jeni ni maagizo yaliyohifadhiwa ndani ya kiini cha seli. Ili agizo litekelezwe, kwanza hunakiliwa katika RNA, kisha nakala hiyo husomwa na protini kutengenezwa. Hata hivyo, seli hairuhusu kila nakala isomwe. Kimeng'enya kiitwacho Daisa hukata RNA kuwa vipande vifupi vya herufi zipatazo 22. Kipande hushikwa na protini iitwayo Agonauti, kikaongoza hadi kwenye nakala inayooana nacho. Nakala hiyo huzuiwa isisomwe, au hukatwa. Kwa mimea na wadudu, mbu akiwamo, njia hii ni kinga dhidi ya virusi.

Sasa tuitazame malaria. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi jeni moja ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Sababu zake ni kadhaa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliongeza moja: chembe nyekundu zenye jeni hiyo hubeba kwa wingi RNA ndogo za aina fulani, ikiwamo miR-451, ambazo huingia ndani ya kimelea, hujiunga na RNA yake na kuzuia protini zake zisitengenezwe. Kimelea cha Plasmodium falciparum hakina Daisa wala Agonauti. Kinadhibitiwa kwa silaha ambayo chenyewe hakiimiliki.

Elimu hii inaweza kupotoshwa kwa namna tatu, na zote ni za hatari.

Kwanza, aliyebeba jeni moja asijidhanie hawezi kuugua malaria. Kinga yake si kamili. Chandarua ni chake pia. Aidha, akizaa na mwenzi mwenye hali kama yake, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mwenye ugonjwa wenyewe.

Pili, mgonjwa wa selimundu, aliyerithi jeni mbili, asihesabiwe kuwa amelindwa. Utafiti wa Muhimbili ulioongozwa na Profesa Julie Makani ulionyesha kwamba wagonjwa hawa hawakukutwa na malaria mara nyingi, lakini waliolazwa nayo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Tatu, watumishi wa milimani tusidhani kwamba ugonjwa huu ni wa tambarare peke yake. Ni kweli kwamba malaria hupungua kadiri mtu anavyopanda milima ya Upare na Usambara. Lakini watu hushuka Ndungu na Gonja kulima mpunga na kufanya biashara, huoa na kuolewa, na jeni husafiri nao. Mtoto wa Mamba anayevimba vidole vya mikono na miguu, mwenye macho ya manjano na upungufu wa damu unaojirudia, hapaswi kutibiwa malaria au baridi yabisi mwaka hadi mwaka bila mtu kufikiria selimundu.

Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 hivi wenye selimundu kila mwaka, na wengi wasiotambuliwa mapema hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Hilo ndilo deni letu.

Wapo wanaosema tusubiri tiba mpya. Kweli, mwaka 2021 madaktari wa Boston walichapisha matokeo ya wagonjwa sita waliotibiwa kwa RNA ndogo iliyonyamazisha jeni ya BCL11A, mwili ukaanza tena kutengeneza hemoglobini ya kichanga. Ni kazi ya kupongezwa, lakini inahitaji hospitali kubwa na maandalizi mazito. Vidonge vya haidroksiurea navyo huongeza hemoglobini hiyo hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kutoka Kenya, Uganda, Kongo na Angola ulionyesha kwamba watoto waliovitumia walipungukiwa maumivu makali, kuongezewa damu, malaria na vifo.

Kwa hiyo ninashauri kwamba kipimo cha haraka cha selimundu, kinachohitaji tone la damu na kutoa majibu kwa dakika chache, kiwe cha kawaida katika kila kliniki ya mama na mtoto, milimani na tambarare. Anayegundulika aanzishiwe penisilini, kinga ya malaria na ufuatiliaji, na apewe rufaa kwa ajili ya haidroksiurea. Nawe mzazi, unapompeleka mtoto chanjo, muulize muuguzi: je, mwanangu amepimwa selimundu? Ni haki yako kupata jibu.