Sanamu za karatasi: mwenye kugawa bure aandike jina na ruhusa

Kuna kazi ya mikono ambayo watu wengi wanaiona kuwa ni mchezo wa watoto tu. Hata hivyo inabeba swali ambalo kila mchoraji, mwandishi na mwanamuziki anapashwa kujiuliza: mtu akigawa kazi yake bure, inakuwa ya nani? Na siku yeye hayupo tena, nani ana haki ya kuiendeleza? Kazi hiyo ni kuchora sanamu ndogo za karatasi za michezo ya mezani, kuziweka kwenye intaneti, na kuachia kila mtu azichape, azikate na makasi na azisimamishe mezani.

Michezo hiyo imeenea sana Ulaya na Marekani. Mchezaji anaongoza watu wadogo juu ya meza: askari, wasafiri, wachawi, wanyama wa hadithi. Anatupa dadu, anapima hatua kwa rula, kisha mwenzake anajibu. Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka wa 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Warhammer ilitoka Uingereza mwaka wa 1983, kwa kampuni ya Games Workshop. Katika biashara hiyo sanamu nyingi ni za plastiki au za chuma, zenye urefu wa karibu milimita 28. Zinauzwa bila rangi, na mara nyingi zikiwa vipande. Mnunuzi anatafuta gundi, burashi na rangi, kisha anakaa usiku mwingi akipaka. Jeshi zima la mchezaji mmoja linaweza kumaliza mamia ya dola. Kwa hiyo mlango wa mchezo unafungwa kwa feza, hata kama sheria zake ni nyepesi.

Karatasi inafungua mlango huo. Mchoraji anachora mtu upande wa mbele, kisha anachora mgongo wake kwa namna inayolingana na mbele kama kwenye kioo, ili pande mbili zikikunjwa zikutane sawasawa. Chini anaacha ulimi mdogo wa kukunja, ndio unakuwa miguu ya kusimamia. Kuzunguka mwili anaacha ukingo mweupe wa milimita moja au mbili, kwa sababu hakuna mkono unaoweza kufuata ncha ya mkuki kwa makasi bila kuikata. Kwenye ukurasa mmoja wa A4, sanamu 12 za urefu huo zinaenea bila kubanana. Karatasi ya gramu 160 inasimama vizuri kuliko ile ya gramu 80 ya kila siku, lakini hata hii ya pili inafaa ikigundishwa na kipande cha katoni. Kalamu nyeusi ikipitishwa kwenye ukingo uliokatwa, weupe wa karatasi unapotea na sanamu inaonekana kuwa na mwili.

Jambo hilo si jipya. Kabla plastiki haijajulikana, mji wa Épinal huko Ufaransa ulikuwa na kiwanda cha picha cha Jean-Charles Pellerin, kilichoanzishwa mwaka wa 1796, na kurasa zake za askari wa kukatwa zilifika katika nyumba za watu wadogo. Mji wa Strasbourg nao ulichapa askari wa karatasi wa rangi katika karne ya 19. Mwaka wa 1980 kampuni ya Marekani Steve Jackson Games ilitoa Cardboard Heroes, sanamu za karatasi ngumu zilizochorwa na Denis Loubet, kwa ajili ya wachezaji ambao hawakutaka kulipia chuma. Baadaye zikaja kompyuta za nyumbani na faili za PDF. Kiwanda hakikuhitajika tena: mtu mmoja mwenye programu ya bure kama Inkscape au GIMP aliweza kuchora jioni, na asubuhi mtu wa bara lingine akachapa.

Mfano mzuri ni Junior General, tovuti iliyoanzishwa na mwalimu wa historia wa Marekani kwa ajili ya wanafunzi. Humo kuna kurasa za askari wa nyakati mbalimbali, zilizotumwa na wachoraji wengi, pamoja na sheria fupi za kuchezea vita fulani ndani ya darasa. Mwanafunzi anayesukuma jeshi la karatasi kuvuka mto anaelewa haraka kwa nini mto huo ulikuwa na maana kwa jemadari. Hakuna duka linalouza somo hilo kwa bei hiyo.

Basi shida iko wapi? Iko katika namna ya kugawa. Wachoraji wengi wanaweka kazi yao kwenye intaneti na maneno mawili tu: «chukueni bure». Hawaandiki jina lao kwenye ukurasa wenyewe. Hawasemi kama mtu anaweza kumpa mwenzake, kubadilisha rangi au kuuza. Wanaamini kwamba ukarimu unajieleza wenyewe. Lakini sheria haisomi moyo wa mtu. Mkataba wa Berne wa mwaka wa 1886, ambao unafuatwa karibu na inchi zote za dunia, unampa mtungaji haki juu ya kazi yake mara tu anapoitunga, hata asipoiandikisha popote. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo nayo ina sheria yake ya haki za watungaji, namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Maana yake ni hii: mchoraji akinyamaza, haki zote zinabaki kwake. Aliyepakua faili anaweza kucheza nyumbani, lakini hana uhakika kama anaweza kuipeleka mahali pengine.

Hasara ya kunyamaza huku inaonekana wakati tovuti zinapokufa. Mwaka wa 2009 Yahoo ilifunga GeoCities, ambako watu wengi walikuwa na kurasa zao za kwanza. Tarehe 2 Aprili 2019 Google ilifunga Google+ kwa watu wa kawaida, na hapo wapenzi wa michezo hii walikuwa na vikundi vikubwa. Mwaka wa 2020 ikawa zamu ya vikundi vya Yahoo. Kila mara faili zilizokuwa huko ziliondoka pamoja na nyumba. Nakala zilibaki kwenye kompyuta za watu, lakini mwenye nakala isiyo na jina wala ruhusa anasimama njia panda: akiirudisha kwenye intaneti anaweza kumkosea mwenyewe, akikaa kimya, kazi inapotea. Mtu mwaminifu anachagua kukaa kimya. Asiye mwaminifu anaichukua, anaiuza, na mchoraji hana alama hata moja kwenye ukurasa ya kuonyesha kwamba kazi ni yake. Kunyamaza kunamfunga mikono mtu mwema na kumwachia mwizi nafasi.

Dawa yake ipo, na haiombi feza. Tangu mwezi wa 12 wa mwaka wa 2002, shirika la Creative Commons linatoa ruhusa zilizoandikwa tayari, ambazo mtungaji anachagua kwa herufi chache. BY inaomba jina la mtungaji litajwe. NC inakataza biashara. ND inakataza kugeuza kazi. SA inaomba kwamba mwenye kuigeuza naye agawe kwa masharti yale yale. Mchoraji anayeandika «CC BY-NC» chini ya ukurasa wake amesema kwa herufi sita mambo ambayo barua ndefu ingesema vibaya.

Wapenzi wa michezo walipata somo la nguvu juu ya jambo hilo mwanzoni mwa mwaka wa 2023. Kampuni ya Wizards of the Coast, yenye Dungeons & Dragons, ilitaka kubadilisha ruhusa iliyokuwa ikitumika tangu mwaka wa 2000, ambayo watu wengi walikuwa wamejenga kazi zao juu yake. Wachezaji na wachapaji wadogo walikasirika, na wengi wakaacha kuilipa kampuni. Tarehe 27 Januari 2023 kampuni ilirudi nyuma na kuweka sheria za msingi za mchezo chini ya ruhusa ya Creative Commons, ambayo haiwezi kuondolewa kwa mtu anayefuata masharti yake. Ruhusa ambayo mwenyewe anaweza kuamka asubuhi na kuinyanganya ni kama kiwanja bila hati: mtu anajenga huku akiangalia nyuma.

Wengine watajibu kwamba hayo yote ni mazito kwa vipande vya karatasi. Watasema kwamba mtu anachora kwa furaha yake, na kwamba kuingiza sheria ni kuharibu furaha. Kuna ukweli kidogo ndani yake: hakuna anayetaka kusoma mkataba kabla ya kukata zimwi la karatasi. Lakini mstari mmoja chini ya ukurasa si mkataba wa kusumbua mtu. Unachukua dakika moja, na unalinda kazi iliyochukua usiku mzima.

Wengine watasema kwamba mchoraji naye anakula. Ni kweli kabisa, na hakuna anayepashwa kulazimishwa kugawa. Kuna wachoraji wanaotoa seti moja bure na kuwawekea zingine watu wanaowachangia kila mwezi. Mchoraji Mwingereza Peter Dennis anauza vitabu vya askari wa karatasi, na mnunuzi anaruhusiwa kunakili kurasa kwa matumizi yake mwenyewe, kwa sababu askari mmoja hatoshi kufanya jeshi. Kuuza na kugawa vinaweza kukaa nyumba moja, mradi kila kimoja kiwe na jina lake.

Kuna pia upande wa pili wa haki: mtu hawezi kugawa kisicho chake. Mwenye kuchukua sura ya mtu wa filamu au wa mchezo wa kampuni fulani, akaipunguza na kuiweka kwenye A4, hajawa mkarimu. Ametoa zawadi kutoka mfuko wa jirani.

Kwa mashariki mwa Congo, jambo hili lina uzito wake. Huku watu hawashangai mchezo wenye garama ndogo. Kisolo kinachezwa tangu zamani kwa mashimo na mbegu. Lakini karatasi ya kuchapa ina vizuizi vyake. Mega zinanunuliwa, umeme unakatika, na ukurasa wa rangi kwenye nyumba ya fotokopi ni bei kali kuliko ule wa rangi nyeusi. Faili nyingi zinachorwa kwa karatasi ya Marekani, yenye milimita 216 kwa 279, wakati A4 ina milimita 210 kwa 297. Mashine ikiachwa ijipimie yenyewe, sanamu zinapungua na hazilingani tena na zile za kwanza. Mchoraji mkarimu kweli anatoa faili nyepesi, kwa kipimo cha A4, pamoja na toleo la mistari myeusi ambalo mtoto anaweza kulipaka rangi kwa penseli. Ruhusa bila hayo ni chakula kilichowekwa juu ya kabati refu.

Kuna swali lingine zito. Je, inafaa kumpa mtoto wa Goma, wa Beni au wa Bunia askari mwingine wa kuchezea, wakati amesikia bunduki za kweli? Mzazi anayekataa ana haki ya kukataa. Lakini karatasi haina haja ya kuwa askari. Nguvu yake ni kwamba mwenye kalamu ndiye anaamua nani atasimama mezani: muuguzi, mvuvi wa ziwa Kivu, msukuma chukudu, okapi, mlinzi wa hifadhi ya Virunga. Plastiki inatoka kiwandani na sura ambazo wengine wamekwisha kuchagua.

Hata historia ya vita inaweza kusimuliwa upya kwa njia hiyo. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Congo ya wakati wa Ubelgiji yaliingia Tabora, baada ya kuvuka kutoka upande wa Kivu. Vitabu vinataja jenerali Tombeur. Lakini nyuma ya askari kulikuwa wapagazi, wengi kuliko askari wenyewe, waliobeba chakula na risasi kichwani, na wengi wao hawakurudi. Mwalimu akitaka kufundisha safari hiyo juu ya meza, sheria ya kwanza ya mchezo ingepashwa kuwa hii: bila mpagazi, hakuna askari anayesogea. Sanamu ya mpagazi huyo haingoji kiwanda. Inangoja mtu wa kuichora.

Na siku itakapochorwa, isitupwe kwenye intaneti kama yatima. Chini ya ukurasa kunatosha mambo manne: jina la mchoraji, mwaka, kipimo cha karatasi, na ruhusa kwa herufi zinazojulikana. Yaandikwe kwenye ukurasa wenyewe, si kwenye tovuti tu, kwa sababu tovuti inaweza kufungwa na karatasi ikaendelea kutembea mkono kwa mkono. Mtoto atakayeichapa miaka 20 kutoka sasa atajua nani wa kumshukuru, na atajua pia kwamba anaweza kumpa mwenzake bila woga.