Glivec na hadithi ya "gharama za utafiti"

Jamani, tuache kudanganyana! Katika aina moja ya saratani ya damu, kimeng'enya BCR-ABL hubandika fosfeti kwenye protini bila kukoma, seli nyeupe zinazaana ovyo. Brian Druker alikipima kwa kingamwili inayonasa protini zilizobandikwa fosfeti. Glivec, dawa inayokizuia, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2001. Hapo napiga makofi.

Lakini dozi ya mwaka mmoja huko ilipanda kutoka dola 30,000 hivi hadi 92,000 mwaka 2012. Kidonge ni kile kile! Mwaka 2013 wataalamu zaidi ya 100 wa ugonjwa huo wakapinga bei hizi hadharani. Sasa Novartis watuambie, miaka 11 hiyo walikuwa wanatafiti nini ndani ya kidonge kilichokwisha kugunduliwa?