AFYA YA WATOTO: Mshipi wa Mgongo

Mishipi ya kunyoosha mgongo yauzwa madukani, na wengi huuliza kama yafaa kwa mtoto anayeinama.

Faida yake ni kukumbusha: mabega yakilegea, huyavuta nyuma. Lakini anayesimamisha mgongo ni misuli, nayo hupata nguvu kwa kutumika. Tena mshipi ukikazwa mno huchubua makwapa na kubana pumzi. Mtoto huyo apewe meza ya kimo chake, na acheze.

Lakini angalia jambo hili. Mwambie ainame mbele, mikono ikining'inia. Ukiona upande mmoja wa mgongo umeinuka kuliko wa pili, usinunue mshipi. Mpeleke kwa daktari, huenda uti umepinda kando. Wengine hupewa vazi gumu la kushika kiwiliwili, livaliwe saa nyingi kila siku. Uchunguzi wa Marekani na Kanada uliotangazwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 waliovalishwa, 72 walimaliza kukua bila uti kupinda kufikia kiasi cha kupasuliwa. Wasiovalishwa, 48 tu.

Basi, msikawie. Samaki hukunjwa angali mbichi, na uti hushikwa mtoto angali anakua.